Kwa nini kila igizo ninaloandika lina mtu anayeitwa Bukuru

Wakuu, habari za mchana.

Hii stori ni yangu mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Majina ya watu nimeyabadilisha yote isipokuwa moja, na mkifika mwisho mtaelewa kwa nini hilo sikuligusa.

Wiki hii usingizi umenipaa kwa jambo ambalo wengi mtaliona dogo. Mhariri mmoja wa Dar amesoma skripti yangu mpya ya mchezo wa redio. Ameipenda. Ila amepitia na kazi zangu tatu za nyuma, akakuta zote zina mhusika anayeitwa Bukuru. Mmoja anaanika dagaa, mwingine ni utingo wa lori, mwingine mtoto wa shule. Hawajuani wala hawahusiani. Na huyu wa sasa anauza sabuni.

Ameniuliza kwa upole kama nimeishiwa majina. Anaomba nibadilishe, maana wasikilizaji watachanganyikiwa.

Kwenye laptopu ni kazi ya kubofya tu. Mimi nimekaa nayo siku kadhaa. Nikibadilisha, nimemtupa mtu? Nisipobadilisha, nikose kazi kwa ajili ya jina? Na huyo mtu mwenyewe bado anasikiliza redio?

Wanaonifahamu wanajua nawaza kupita kiasi. Naweza kuandika meseji ya neno moja, "sawa", nikaifuta nikiogopa itasomeka kama nimenuna. Kwa hiyo nivumilieni.

Nilimaliza chuo miaka ile Warundi walipokuwa wanaingia tena Kigoma kwa wingi, wengine kwa miguu, wengine kwa maji. Kwetu ni Ujiji. Sisi ni Wamanyema, wazee wetu nao walivuka ziwa kutoka Kongo zamani, ila ukiwauliza nyumbani watakwambia wao ni wenyeji na wakimbizi ni hao wengine. Tuliache hilo.

Ajira hakuna. Nikapata mahali pa kujitolea, kikundi kidogo cha maigizo kilichoongozwa na mwalimu mstaafu, nitamwita Bi Mwamini. Mradi wetu ulikuwa kuandika michezo mifupi ya kuelimisha: kunawa mikono, maji safi, malaria, usalama ziwani. Tulirekodi Buzebazeba, hapo Kigoma mjini, kwenye chumba cha uani tulichokibandika magodoro ukutani ili sauti za kuku zisiingie. Ziliingia.

Michezo ilipigwa kwenye spika sokoni kambini, upande wa Kasulu, na redio moja ndogo ikairusha kwa watu wa mwambao. Kambini, baada ya kusikiliza, watu walikaa chini wakajadili, na sisi waandishi tulitakiwa tukae nyuma tusikilize wanachosema.

Igizo langu la kwanza lilimhusu kijana wa Kirundi aliyevuka ziwa, akaishia Ilagala, kijiji cha mwambao, anaanika dagaa. Nilitaka jina la kawaida kabisa ambalo halitamkera mtu. Nikamwita Bukuru.

Kwa wasiojua: kwa Warundi, na kwa Waha pia, mapacha wana majina yao tayari. Aliyetangulia kutoka ni Bukuru, aliyefuata ni Butoyi. Awe wa kiume awe wa kike, ni hivyo hivyo. Kwa hiyo akina Bukuru ni wengi mno. Nilijua hilo tangu utoto, tulisoma nao.

Nilichokuwa sikijui ni kingine.

Katika sehemu ya pili, tajiri mwenye mtumbwi anafurahishwa na kazi ya Bukuru, anampa shati jipya. Niliipenda ile sehemu. Niliona imekaa vizuri, inaonyesha utu wa wenyeji kwa wageni.

Sehemu kadhaa baadaye, kambini spika ilipozimwa, mzee mmoja akainuka. Sikutarajia swali lake. Alisema, "Huyu mwandishi amempa Bukuru shati. La Butoyi liko wapi?"

Nikacheka kidogo, nikidhani ananitania. Nikajikuta nacheka peke yangu.

Ndipo nikaelezwa. Pacha hapewi kitu peke yake. Ukimpa mmoja, unampa na mwenzake, kitu kile kile, wakati ule ule. Kama mwenzake hayupo, unamtengea. Usipofanya hivyo umewatenganisha, na aliyeachwa anaweza hata kuugua. Mama mmoja akasema tangu shati lile litolewe amekuwa akisubiri la pili kila sehemu mpya ikipigwa, na mwandishi amenyamaza tu kama hakuna lililotokea. Mwingine akasema labda Butoyi amekufa na tunawaficha.

Watu walipotawanyika, mwanamke mmoja akabaki. Watu wa kambini walimwita Mama Bukuru. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, alikuwa mfanyabiashara wa Rumonge kabla ya kukimbia. Nyuma yake alisimama kijana mrefu, kimya, umri wa mdogo wangu. Nikamsalimu mama shikamoo, nikamgeukia kijana, nikasema, "Na wewe ndiye Bukuru."

"Mimi Butoyi," akasema.

Mama ndiye aliyenieleza. Usiku wa kuvuka, watu walikuwa wengi na mitumbwi haikutosha. Vijana wake wawili wakapandishwa mitumbwi tofauti. Mmoja ulifika. Wa pili, wengine walisema ulipelekwa na upepo kusini, wengine walisema mengine. Alishakwenda kwenye ofisi inayotafuta ndugu waliopotezana, akaandikishwa, akaambiwa asubiri. Alikuwa anasubiri. Katika kusubiri huko bado alipakua sahani mbili. Butoyi akimaliza yake, ya Bukuru wanapewa watoto wa jirani.

Kisha akaniuliza, "Huyo wako wa Ilagala, ulimwona wapi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sijamwona popote, nimemtunga.

"Najua umemtunga, mwanangu. Mimi si mtoto. Lakini jina hukulitunga."

Akaendelea kwamba kama redio ile inafika mwambao wote, basi na Bukuru wake anaweza kuwa anaisikia huko aliko. Aliomba kitu kimoja tu. Butoyi awemo kwenye igizo. Aseme maneno aliyokuwa akisema tangu wakiwa wadogo kabla ya kugusa chakula: "Bukuru, tangura." Yaani, Bukuru, anza wewe. Kwa kawaida mdogo anamwachia mkubwa tonge la kwanza.

Nikasema nitaona. Mnalijua hilo "nitaona" la msomi asiye na madaraka yoyote.

Sasa huku ofisini kulikuwa na lingine linapikwa.

Mwandishi mwenzangu, nimwite Hamisi, alikuwa na igizo lake la malaria. Na yeye bila kuniuliza alikuwa na mhusika anayeitwa Bukuru, mlevi wa Simbo anayelima mihogo na kutumia chandarua kufunikia kuku. Watu walimpenda sana yule mlevi. Na kwa kuwa michezo yote miwili ilitoka kwenye spika zile zile, wasikilizaji waliamua ni mtu mmoja. Wakaanza kuuliza Bukuru aliacha lini dagaa akaenda kulima. Mmoja akadai amedhulumiwa Ilagala, ndiyo maana anakunywa. Mwingine akamjibu kwamba kijana alikuwa mzuri, pombe ya Simbo ndiyo imemharibu.

Hamisi aliona raha tupu. Bi Mwamini hakuona raha. Akaitisha kikao, akasema hatuwezi kuwa na Bukuru wawili, mmoja aondoke.

"Mlevi wangu hafi," Hamisi akasema. "Muue wa msomi. Wa msomi hata hachekeshi."

Ikaamuliwa hivyo. Na kwa kuwa mradi ulidai tuwe na sehemu ya usalama ziwani, ya kuhimiza watu wavae yale majaketi ya rangi ya machungwa wakiwa kwenye mtumbwi, Bi Mwamini akaona tumalize mambo mawili kwa mpigo. Bukuru wangu apande mtumbwi bila jaketi, azame, watu wajifunze. Mimi niandike.

Nikaandika. Nasema ukweli, niliandika vizuri. Nilipomaliza ndipo nikaanza kuisikia kwa masikio ya Mama Bukuru, amekaa pale sokoni kati ya watu, spika inamwambia Bukuru amezama.

Nikawaza njia nyingine. Nimpe jina jipya katikati ya igizo? Watasema amejificha, ana kesi. Nimhamishie Kongo? Watataka kujua kwa nini ameondoka bila kuaga. Nimwache, niongeze Butoyi kama alivyoomba mama? Hapo kuna kanuni, michezo yetu haikuruhusiwa kubeba matangazo ya mtu binafsi, na kwa haki kabisa, maana kambi nzima ina watu wanaotafuta watu. Na je, akijitokeza mwongo akasema mimi ndiye? Na je, asijitokeze yeyote? Tumaini nitakalokuwa nimempa huyu mama nitalirudisha wapi?

Ningeendelea kuwaza hadi leo kama si mmoja wa waigizaji wetu anayeishi kambini kuniambia kwamba Butoyi ameanza kuulizia njia ya Ilagala. Kwa watu mbalimbali, kwa siri. Kipindi kile kutoka kambini bila kibali lilikuwa jambo zito. Waliokamatwa barabarani walilala mahabusu, wengine walirudishwa walikokimbia. Na huyu alitaka kwenda kumfuata mtu niliyemtunga mimi nikiwa nimekaa na kikombe cha chai.

Nilikwenda kwa Bi Mwamini asubuhi, kabla sijapata muda wa kuwaza zaidi. Nikamweleza yote, la mashati, la sahani mbili, la Butoyi kuulizia njia. Alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua.

"Wewe unafikiri sana," akasema. "Igizo letu ni maji na sabuni. Si la kutafuta watu."

Nikasema najua. Nikasema pia kwamba nikimzamisha Bukuru, yule mama atakaa matanga, na yule kijana atakwenda ziwani kutafuta maiti badala ya kwenda Ilagala kutafuta mtu aliye hai. Yote mawili yatakuwa yametoka kwenye chumba chetu cha magodoro.

Alimaliza kwanza ungo wake. Kisha akaniuliza kama jina la ukoo litatajwa. Nikasema halitatajwa. Mahali walikotoka? Hapana. Akasema basi hilo si tangazo, ni igizo. Lakini jaketi lazima libaki, wenye mradi wanataka jaketi.

"Mvalishe," akasema. "Aanguke majini amelivaa, atoke. Na ukampe yule mwingine shati lake. Mimi mwenyewe limenikera."

Hamisi alipoambiwa Bukuru wangu haondoki, alinung'unika kidogo, kisha akapendekeza mlevi wake aseme waziwazi kwamba yeye ni Bukuru mwingine, wa Simbo, na huyo wa Ilagala ni wajina wake tu. Alisema litachekesha. Na kweli lilichekesha.

Sauti ya Butoyi tungeweza kumpa mwigizaji yeyote. Bi Mwamini ndiye aliyesema aje mwenyewe. Waigizaji wetu wa kambini walikuwa wanaombewa kibali cha siku moja wakija kurekodi, kwa hiyo akaombewa kama wenzake. Kwa hiyo Butoyi alitoka kambini kwa kibali, kwenye gari, mchana, na mama yake akamsindikiza mpaka getini. Mimi nilimsubiri Buzebazeba nikiogopa atashindwa kusema mbele ya kinasa sauti.

Hakushindwa. Kwenye igizo ni hivi: Bukuru ametolewa majini, ameletwa nyumbani kwa tajiri, anapewa chakula. Mlango unafunguliwa. Tajiri anamwambia kuna mtu anakutafuta. Butoyi anaingia, anakaa, sahani inawekwa kati yao.

Akasema, "Bukuru, tangura."

Mwigizaji wa Bukuru alitakiwa ajibu. Alisahau. Kukawa na ukimya mrefu, na kuku mmoja nje. Tuliuacha ukimya ule ulivyo, na kuku wake.

Baada ya hapo tajiri anatoa shati la pili. Lilipopigwa kambini, niliambiwa watu walipiga makofi kwenye shati kuliko kwenye kuokoka majini.

Zikapita wiki, redio ikarudia igizo mara kadhaa. Kisha wakaanza kuja.

Wa kwanza alikuwa mzee wa Ilagala, Bukuru, mwenyeji kabisa. Alikuja kulalamika. Butoyi wake, naye mzee, anamtania mbele ya wajukuu kwamba ametangazwa redioni ameanguka ziwani. Alitaka tutangaze kwamba yeye hajawahi kuanguka. Hamisi akampa chai, wakapiga soga, akaondoka ameridhika.

Wa pili alikuwa mwanamke. Nilishasema jina halichagui. Alikuwa Bukuru na alikuwa anamtafuta Butoyi wake, dada yake. Tukampeleka kwenye ile ofisi ya kutafuta ndugu. Sijui ilikwendaje, ila alirudi siku moja kushukuru.

Wa tatu ndiye ambaye sijamsahau.

Alikuwa kijana. Nilimwona akiingia uani kwetu, umri ule ule wa Butoyi, urefu ule ule, na mabega ya mtu wa maji. Akasalimu, akasema anatoka Ilagala, anaanika dagaa, anaitwa Bukuru. Nikamuuliza alivuka na nani.

"Na Butoyi wangu," akasema. "Yeye hakufika. Nilimwona anavyozama."

Nikamwambia taratibu kwamba yule aliyesikika redioni si wake. Akasema anajua, sauti ya ndugu yake anaijua.

Sasa amekuja kufanya nini? Sikumuuliza hivyo, ila nadhani ilionekana usoni, maana alijibu.

"Nimesikia Butoyi anaita, hajibiwi. Nikaona nije nijibu, asikae anaita bure."

Alikuwa amebeba mifuko miwili ya dagaa wakavu. Mifuko ya kulingana, aliifunga kwa kamba ya aina moja. Akasema mmoja wa Butoyi, mmoja wa Bukuru wake akirudi. Hakuketi. Alikuwa na mzigo wa kuwahi kuanika, akaondoka.

Niliipeleka kambini mwenyewe. Nilimweleza Mama Bukuru neno kwa neno, sikupunguza. Alisikiliza, akafungua mfuko mmoja akaumwaga kwenye sufuria, wa pili akauning'iniza juu, mbali na panya. Butoyi aliutazama ule mfuko kwa muda. Kisha akaniuliza kama ni kweli yule kijana anatoka Ilagala, na kama akina Bukuru wengine wako huko. Nikamwambia waanika dagaa wa mwambao ule wanajuana wote, na Bukuru wao angekuwapo huko, huyu angeshamjua. Hakuulizia njia tena. Badala yake aliomba siku tukirekodi tena tumwite.

Mama alinipa ujumbe mmoja nimfikishie yule wa Ilagala: mwambie Butoyi amemsikia. Niliufikisha.

Bukuru wao hakupatikana wakati ule. Mradi wetu uliisha baadaye, na wao wakahama, sina uhakika kama walirudi kwao au walipelekwa nchi nyingine. Sijui mwisho wake, na sitawadanganya kwa kuutunga.

Nilichojifunza ni kidogo. Nilidhani mwandishi akichagua jina la kawaida anakuwa amejiweka mbali na watu. Kumbe jina la kawaida ndilo lenye watu wengi nyuma yake, na wapo wanaosikiliza kuona utamfanyia nini. Nimejifunza pia kwamba mtu anaweza kujua vizuri kabisa kuwa kitu ni cha kutunga, na bado akawa na haja nacho.

Tangu hapo kila ninachoandika nimeweka Bukuru mahali. Si lazima awe mkubwa. Anapita tu. Sijawahi kumweleza mtu sababu, nanyi ndio wa kwanza.

Wenye kuona nimekosea mniambie, na wahariri mlioko humu mniambie kama mngenielewa. Na kama kuna pacha anasoma hapa, naomba aseme ile ya kupewa vitu pamoja kwao ikoje, maana nasikia kila ukoo una namna yake. Nitasoma komenti zote, nitaziwaza sana, mnanijua.

Kuhusu yule mhariri: amenipa marekebisho mengi na yote nimeyafanya, hata yale ambayo sikukubaliana nayo. Jina nimeliacha. Nimemwandikia mistari miwili tu kwamba hilo halibadiliki, na kama kazi itakwama kwa ajili yake basi ikwame. Sikuifuta ile meseji. Niliituma mchana huu pamoja na skripti, kabla sijaanza kuandika huu uzi.

Bukuru yumo, kwenye ukurasa wa kwanza. Anauza sabuni, jua kali, mwenye duka anamwita ndani anampa maji ya kunywa. Kikombe cha pili kinawekwa mezani, na hakuna anayekigusa.